Nyuzi ziko sawa, mbona gari limelala upande mmoja?

SWALI: Habari za kazi, fundi. Nina Subaru Impreza ya mwaka 2004, nimeifunga koilova za mtumba, zile shokapu zilizovikwa springi za kupandisha na kushusha gari. Rafiki yangu alinielekeza nihesabu nyuzi (ile mistari ya skrubu kwenye mwili wa shokapu) zilizobaki juu ya sahani springi inapokalia, nizilinganishe kulia na kushoto, nami nikafanya hivyo. Gari limeshuka vizuri, ila mbele kulia kuko chini kuliko kushoto kwa sentimita moja na nusu. Nikipiga jeki springi zinacheza, na nikipita tuta zinagonga "gu!" hata kwa mwendo mdogo. Nimekosea wapi? (Msomaji, Tabata)

JIBU: Salama, ndugu yangu. Rafiki yako hakukudanganya, ila alikupa nusu ya kazi. Nyuzi zinakuonyesha pa kuanzia tu. Springi za mtumba huchoka kwa viwango tofauti, na gari lenyewe halina uzito sawa pande zote, tena wewe dereva unakaa kulia.

Nianze na huko kugonga, maana ndiko kutakakokuharibia kitu. Springi kucheza ukipiga jeki na "gu" ya kwenye tuta ni ugonjwa mmoja. Umeshusha gari kwa kuteremsha sahani. Tuseme springi yako ina ugumu wa kilo 6 kwa kila milimita, na pembe ile ya gari inaielemea kwa kilo 360. Itabonyea milimita 60, basi, hata ungeikaza kidogo kabla ya kuifunga au ungeiacha huru. Wengi hudhani kupandisha sahani kunaifanya springi kuwa ngumu. Springi ya kawaida haibadiliki ugumu kwa hilo, inachobadilika ni kimo. Ila unapoiteremsha sahani, ule mkono wa shokapu unazama zaidi ndani, na nafasi iliyobaki kabla ya kugusa raba ya kuzuia inapungua. Ndiyo hiyo "gu". Na ukiinua gari, mkono unatoka wote, springi inakosa cha kuibana, inacheza.

Sasa chungulia chini ya koilova, kwenye kikombe kile kinachoshikwa na boliti mbili pale kwenye habu. Kama kikombe hicho kina nyuzi zake na ringi yake ya kufungia, una bahati: kimo kirekebishe hapo. Pandisha sahani mpaka springi ishikwe na isizunguke kwa mkono, ongeza milimita mbili tatu, funga ringi, na usiiguse tena. Kisha zungusha mwili wa shokapu ndani ya kikombe. Safisha nyuzi kwa brashi ya waya kwanza, tia mafuta, tumia spana yake ya ndoano. Nyundo na bisibisi vimeua ringi nyingi sana. Hakikisha pia nyuzi za kutosha zimebaki ndani ya kikombe.

Kama kikombe hakina nyuzi, sahani ndiyo marekebisho yako pekee. Hapo mpaka wako ni pale springi inapoanza kulegea gari likiwa juu. Usivuke.

Kuna mtego mmoja kwenye aina ile ya kwanza. Shokapu haijapoteza safari yake, kwa hiyo tairi nalo litapanda umbali uleule wa zamani, ila sasa linaanzia juu zaidi. Linaweza kukwangua fenda kabla raba ya kuzuia haijagusa. Kata usukani mpaka mwisho pande zote mbili, uangalie nafasi kati ya tairi na fenda, na kati ya tairi na sahani.

Turudi kwenye kulala upande. Kabla ya kuzungusha chochote, legeza boliti za bushi (raba za maungio) za mikono ya chini, vile vyuma vinavyounganisha tairi na bodi. Nina wasiwasi zilikazwa gari likiwa linaning'inia kwenye jeki. Raba ya bushi ikikazwa hivyo hujisokota gari likishuka, na inashikilia upande mmoja juu. Nimeona gari likirudi sawa kwa kulegeza na kukaza tu, matairi yakiwa yamebeba uzito. Fungua na linki za stebilaiza (chuma kinachounganisha upande wa kulia na wa kushoto), zisikudanganye wakati wa kupima.

Kupima kwenyewe: mwaga maji kidogo sakafuni uone kama yanakimbia, yakikimbia, hama. Upepo wa matairi uwe sawa, tangi nusu, na mtu wa uzito wako akae kwenye kiti cha dereva. Sukuma gari mbele na nyuma mita chache, ubonyeze bampa, maana likitoka kwenye jeki matairi hayajakaa mahali pake. Kisha futikamba kutoka katikati ya rimu kwenda juu wima hadi ukingo wa fenda. Usipimie ardhini, huko unapima na kipara cha tairi.

Usiinue pembe moja peke yake kwa sentimita nzima. Gari ni kama meza ya miguu minne: ukiinua mbele kulia, nyuma kushoto nako kunaelemewa. Gawa tofauti, kidogo mbele kidogo nyuma, upande uleule. Kwenye Impreza yako shokapu ziko karibu na tairi mbele na nyuma, kwa hiyo milimita 10 kwenye nyuzi ni takriban milimita 10 kwenye fenda. Mwenye Mark X asinakili hesabu hii: yake imefungwa ndani zaidi kwenye mkono, milimita 10 zinaweza kuzaa 14 au zaidi.

Ushuke kiasi gani? Kwa matuta yetu mimi nisingevuka sentimita tatu chini ya kimo cha kiwandani. Tazama mkono wa chini: ncha ya upande wa tairi ikipanda juu kuliko ya ndani, umezidisha, na gari litayumba kwenye kona kuliko lilivyokuwa zamani.

Ukimaliza, kaza bushi na linki gari likiwa chini, peleka kwenye alaimenti (kushuka kunageuza matairi, yataliwa upande mmoja), rekebisha taa. Baada ya wiki pima tena na ukague ringi zote. Vipimo vinne viandike kwa maka peni chini ya boneti.