Jibu: Niache kulipia king'amuzi?

Dada, umeuliza kama ukiacha kulipia king'amuzi cha dishi mtakosa hata taarifa ya habari. Hamtakosa. Tangu Kenya izime matangazo ya zamani ya analogi na kuhamia dijitali mwaka 2015, chaneli za KBC, Citizen, KTN na NTV zinashikwa bure hewani. Angalia kitabu cha runinga yako: kikionyesha DVB-T2, yaani runinga yenyewe inashika dijitali ya hewani bila king'amuzi, nunua antena tu, ipandishe juu ya paa, kisha utafute chaneli upya.

Sisi tuliacha Januari, karo ilipotubana. Jumamosi za mpira zilikuwa ngumu kweli, mume wangu akawa anaenda kwa jirani. Lakini siku hizi kitindamimba wangu hunisomea hadithi jioni nikichambua sukuma, na zamani sikujua hata anasoma vipi. Kifurushi kikiisha mwezi huu, usiongeze.