Nimeolewa kijijini, wanawake bombani hawanisemeshi

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 27, nimekulia Mbagala. Mume wangu amerudi kwao, kijiji kimoja mkoani Njombe, kusimamia shamba la parachichi la baba yake, nami nimemfuata. Huku kila mtu ananiuliza natoka wapi, naenda wapi, nimebeba nini. Watoto wa jirani wanaingia ndani bila hodi. Mwezi uliopita alifariki mzee wa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Sikwenda msibani kwa sababu sikumfahamu. Tangu hapo nikifika bombani wanawake wananyamaza. Dar nilikuwa fundi cherehani, nilikuwa na wateja wangu. Nirudi?*

Marahaba, mwanangu. Usifunge mizigo kwanza. Nianze na ule msiba, maana ndipo mambo yalipoharibikia.

Hata Mbagala watu wanazikana, najua. Lakini kule turubai linakodiwa, mpishi analipwa, na ukikosekana wewe hakuna atakayegundua. Huko uliko kaya zinahesabika. Kaburi wanachimba wanaume wa hapo hapo, maji wanateka wanawake wa hapo hapo, na kila nyumba inatoa chochote: unga, maharage, mzigo wa kuni. Rambirambi zinaandikwa kwenye daftari. Nyumba yako ilipokosekana, hakuna aliyewaza kama ulimfahamu marehemu au hukumfahamu. Walichojiuliza ni kama sisi tukifiwa yule atakuja, na kama akifiwa yeye atatutaka.

Hujachelewa. Mwombe mama mkwe akusindikize kwa mjane jioni moja wiki hii. Jifunge kanga, beba unga na sukari. Ukifika, kaa na wanawake wenzako pale jikoni, useme, "Pole mama, siku ile sikuja, naomba unisamehe." Ishia hapo. Usianze kueleza kwamba kwenu Dar mambo ni hivi na vile. Ukikuta sufuria chafu, osha. Habari itafika bombani kabla yako. Na msiba mwingine ukitokea, uwe wa nani, nenda usiku ule ule.

Maswali ya unakwenda wapi yasikunyime usingizi, mengi ni salamu tu. Jibu "naenda hapo juu mara moja", kisha uulize habari za watoto wao. Kama huko ni Ubenani, anza na "kamwene" kwa kila unayempita, mkubwa kwa mdogo. Ukipita kimya hata mara moja, utaambiwa unaringa, na jina la kijijini likishakaa ni kazi kulifuta.

Ila sitaki nikudanganye kwamba yote ni upendo. Umbeya upo, na unaumiza zaidi pale ambapo huna mtaa wa pili wa kukimbilia. Wakala anayekutolea pesa anajua nani kakutumia na kiasi gani. Mwenye duka anajua mnakopa nini. Kwa hiyo ya chumbani kwako na mumeo yasifike bombani kabisa, hata kwa yule anayeanza kukuchekea. Akikuletea habari za fulani, sikiliza, uendelee kuchota maji. Watoto nao waambie taratibu kwamba kwa shangazi yao mnapiga hodi. Watazoea, wala mama zao hawatachukia. Una haki ya mlango wako.

Sasa mumeo. Yeye kazaliwa hapo, msiba ule aliujua, akakuacha ujifunze kwa kuaibika. Mwambie hivyo, bila kelele, mkiwa wawili. Ni kazi yake kukwambia nani ni nani, nyumba ipi mnasaidiana nayo, nani anaitwa usiku mgonjwa akizidiwa, na pikipiki ni moja tu kijiji kizima.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kwamba barua yako haitaji hata shilingi moja ya kwako. Mche wa parachichi, hata ule wa kubebeshwa, unataka kama miaka mitatu ndipo uanze kuzaa, na shamba lenyewe ni la baba mkwe. Utaishije miaka hiyo, kwa kuomba pesa ya sabuni? Fuata cherehani yako Dar. Uende kama mtu anayesafiri: aga, sema unarudi lini, na urudi siku hiyo. Ukiwa nayo kabla ya Desemba utakutana na sare za shule, maana Januari kila mzazi anatafuta fundi. Hao hao walionyamaza bombani watakaa barazani kwako kusubiri sketi za mabinti zao.

Na uende kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Ukiwa mkazi na umeshatimiza miaka 18, wewe ni mjumbe, na mkutano unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya kupata na kumiliki ardhi sawasawa na mwanaume. Mkipata kipande chenu, majina yaandikwe mawili. Usilianzishe hilo wiki hii, lakini lisipite mwaka.

Ukishafanya haya, ukavuna mahindi ya msimu mmoja na bado moyo unakataa, niandikie tena, tuongee habari ya kurudi Dar, na safari hiyo mumeo awepo kwenye mazungumzo. Kwa sasa, kwa mjane kwanza.