Maswali ya Wasomaji: Matairi ya Gari la Kifahari Hudumu kwa Muda Gani?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaishi Ntinda, Kampala, na ninamiliki sedani ya Kijerumani inayosukumwa na magurudumu ya nyuma, yenye ringi za inchi 19. Miaka miwili iliyopita nilifunga matairi manne mapya ya bei kubwa, na muuzaji akanihakikishia kwamba yangefika kilomita 80,000. Sasa nimetembea kilomita 31,000, nyingi zikiwa kati ya nyumbani na Entebbe, na juzi fundi amenionyesha kwamba matairi yote mawili ya nyuma yamelika upande wa ndani hadi yamekuwa kipara, ilhali upande wa nje bado una meno mazuri. Je, niliuziwa matairi bandia? Na inakuwaje gari la thamani hii lile matairi upesi kuliko Corolla ya jirani yangu?
Msomaji wa Ntinda

JIBU: Ndugu msomaji, kwanza kabisa ondoa hayo matairi ya nyuma, wala usiingie nayo barabara ya mwendo kasi ya Entebbe hata kwa safari moja, kwa sababu tairi lililolika ndani huficha ubovu wake kwa mtu anayelitazama akiwa amesimama kando ya gari, na hupasuka bila kutoa taarifa.

Kwa maelezo uliyotoa, sioni dalili ya matairi bandia. Matairi mapana yenye ubavu mfupi, kama yanayofungwa kwenye magari ya aina yako, hutengenezwa kwa mpira laini ili yaishike lami na kulisimamisha gari zito kwa umbali mfupi, na ulaini huohuo ndio unaoyafanya yalike upesi. Kwa maoni yangu, mwenye gari kama lako anayepata kati ya kilomita 30,000 na 45,000 kwa matairi ya nyuma hajapunjwa. Hizo 80,000 ni za matairi magumu ya safari yaliyofungwa kwenye gari jepesi, na muuzaji aliyekuahidi idadi hiyo bila kuuliza unaendesha gari gani alikuwa anauza maneno.

Huenda aliitegemea namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi baada ya neno TREADWEAR. Kipimo hicho ni cha Kimarekani: matairi huendeshwa katika barabara maalumu za majaribio huko Texas, kisha ulikaji wake hulinganishwa na ule wa tairi la mfano lililopewa namba 100, hivyo tairi lenye 300 linatarajiwa kulika polepole mara tatu kuliko hilo la mfano. Hiyo si idadi ya kilomita, na anayeitoa alama hiyo ni mtengenezaji mwenyewe, kwa hiyo inafaa zaidi kulinganisha matairi ya kampuni moja kuliko kutabiri yatakavyodumu katika foleni za Kampala.

Linalonishughulisha zaidi ni huo upande wa ndani. Sedani nyingi za aina hii huundwa magurudumu yake ya nyuma yakiwa yameegemea kidogo, upande wa juu ukiingia ndani, ili gari litulie kwenye kona. Peke yake, mwegemeo huo hauli tairi kwa kasi uliyoieleza. Lakini mashimo na matuta yetu yakishayatoa magurudumu kwenye mstari, hata kwa kiasi kisichoonekana kwa macho, tairi huanza kuburutwa kidogo upande upande badala ya kubingirika sawasawa, na ukingo wa ndani ndio unaolipa gharama. Karakana nyingi hufanya alaimenti, yaani kuyarudisha magurudumu kwenye mstari wake, ya magurudumu ya mbele tu na kumrudisha mteja nyumbani akiwa ameridhika. Dai vipimo vya magurudumu yote manne vilivyochapishwa kwenye karatasi, kabla na baada ya marekebisho, na fundi akague kwanza bushi za nyuma, yaani vipande vya mpira kwenye maungio ya vyuma vinavyoshika magurudumu, kwa kuwa bushi zikiwa zimechoka alaimenti haitadumu hata mwezi, na matairi mapya utakayofunga yatafuata njia ya haya.

Kuhusu jirani yako, ana nafuu moja ambayo pengine wewe huna. Matairi yake manne yana kipimo kimoja, kwa hiyo anaweza kuyabadilishana mbele na nyuma kila baada ya kilomita 10,000 hivi ili yalike kwa usawa. Ikiwa matairi yako ya nyuma ni mapana kuliko ya mbele, kama ilivyo kwa sedani nyingi zenye nguvu, njia hiyo imefungwa, nayo ya nyuma yataisha kwanza daima. Upepo nao ujazwe matairi yakiwa baridi, kwa kufuata kibandiko kilicho kwenye fremu ya mlango wa dereva, si kwa mazoea ya kijana wa kituo cha mafuta.

Usisubiri meno yafikie milimita 1.6, pale yanapolingana na vinundu vidogo vilivyo ndani ya mifereji ya tairi. Tairi pana huelea juu ya maji mapema kuliko jembamba, na kwa mvua za Aprili ningebadilisha yakibaki milimita 3.

SWALI: Gari langu la kifahari kutoka Japani hutoka mara chache, na matairi lililokuja nayo bado yana meno kamili. Je, niendelee nayo?
Msomaji wa Mbarara

JIBU: Tafuta ubavuni maandishi DOT na utazame tarakimu nne za mwisho: 2317 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2017. Mpira huzeeka hata gari likiwa limeegeshwa. Mercedes-Benz huwashauri wateja wake kubadilisha matairi yakitimiza miaka sita hata kama meno yapo, na Michelin huweka ukomo wa miaka kumi tangu kutengenezwa. Kwa gari linalokimbia barabara ya Masaka ningefuata ushauri wa miaka sita. Angalia pia kama pameandikwa STUDLESS. Hayo ni matairi ya theluji, mpira wake ni laini mno kwa lami yetu yenye joto, na yanafaa kuondolewa hata kama umri wake ni mdogo.