Swali la Lugha: Shambulio la Kushtukiza, na Nchi Iliyoingia au Iliyoingizwa Vitani

Msomaji anayeandaa makala ya historia ameleta sentensi hii ili ikaguliwe: "Mwaka 1941 Marekani iliingizwa vitani na uvamizi wa ghafla wa Japani huko Pearl Harbor." Anataka kujua kama "uvamizi wa ghafla" na "shambulio la kushtukiza" ni kitu kimoja, na kama nchi iliyopigwa bila kutarajia "huingia" vitani au "huingizwa". Kisarufi sentensi yake haina kosa. Hata hivyo, kila neno kati ya hayo linatoa dai kuhusu yaliyotokea, na si madai yote yanayokubaliana na historia.

Neno la kwanza kulipima ni uvamizi. Anayevamia huingia kwa nguvu katika mahali pa mwenzake, na katika habari za vita neno hili limekaza maana ya jeshi kuvuka mpaka au kuteremka pwani ili kushika ardhi. Asubuhi ya Jumapili, tarehe 7 Desemba 1941, muda mfupi kabla ya saa mbili, ndege za Japani zilizoruka kutoka manowari sita za kubeba ndege zilianza kuipiga kambi ya wanamaji wa Marekani katika kisiwa cha Oahu, Hawaii. Wamarekani 2,403 waliuawa, na kati yao 1,177 walikuwa katika manowari moja tu, Arizona. Lakini hakuna kikosi cha Japani kilichoteremshwa kukishika kisiwa. Ndege zilipiga, zikarejea baharini. Hilo ni shambulio. Karibu saa zile zile majeshi ya Japani yaliteremka Kota Bharu, katika pwani ya Malaya, na kuanza kusonga mbele, na huo ndio uvamizi. Ni uvamizi pia Ujerumani ilipovuka mpaka wa Muungano wa Kisovieti tarehe 22 Juni 1941, na ni uvamizi majeshi ya Idi Amin yalipoingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978 na kudai kwamba eneo la kaskazini ya mto ni la Uganda.

Kuhusu ghafla na kushtukiza, tofauti ni nyembamba lakini ina uzito. Ghafla ni neno lenye asili ya Kiarabu, ndugu wa kitenzi ghafilika, yaani kusahau au kutokuwa na habari. Leo linaeleza tu kwamba jambo limetokea bila kutazamiwa: mvua hunyesha ghafla, mtu huugua ghafla, wala hakuna aliyepanga. Kushtukiza ni tofauti. Kitenzi shtuka kimenyambuliwa kikawa shtukia, kisha shtukiza, na katika hatua hiyo ya mwisho kinadai mtendaji mwenye nia: kuna anayeshtukiza na kuna anayeshtukizwa. Mvua haishtukizi. Kundi la manowari za Japani liliondoka ghuba ya Hitokappu tarehe 26 Novemba, likasafiri siku nyingi bila kutumia redio ili lisigundulike. Kitendo kilichoandaliwa namna hiyo kinastahili kitenzi chenye nia ndani yake.

Ushahidi mzuri unapatikana katika hotuba ambayo Rais Franklin Roosevelt aliitoa mbele ya Kongresi tarehe 8 Desemba. Katika rasimu ya kwanza alikuwa amesema kwamba Marekani ilishambuliwa "kwa wakati mmoja na kwa makusudi", kisha akaifuta sehemu ya kwanza na kuandika "ghafla". Kiingereza kilimlazimu kuweka maneno mawili, ghafla na makusudi, ambayo sisi tunayabeba katika neno moja. Ndiyo maana ninaona ni hasara kubwa mwandishi wa Kiswahili anapoiacha kushtukiza na kushika ghafla peke yake. Tahajia ya shitukiza hutumika pia na haibadilishi maana, ingawa kwa maandishi rasmi ninapendekeza shtukiza.

Majirani wa neno hili wasichanganywe nalo. "Shambulio la kushtukia" ni kosa, kwa kuwa anayeshtukia ni mlengwa: askari walishtukia mabomu yanaanguka. "Shambulio la kushtua" ni sahihi lakini linasema jambo jingine, kwani hata shambulio lililotazamiwa laweza kushtua kwa ukatili wake. Nalo "shambulio la kuvizia" linamtaka adui ajifiche na kumngoja anayepita.

Tufike sasa kwenye vita vyenyewe, ambako ndiko swali lilipo na uzito zaidi. "Iliingizwa" ni kauli ya kutendwa. Inamwacha aliyeshambuliwa bila uamuzi wowote, kana kwamba bomu lenyewe ndilo lililotia saini. Mwandishi anayesema "iliburutwa vitani" au "ilitumbukizwa vitani" anafanya vivyo hivyo kwa nguvu zaidi, na anayesema "ilijiingiza" anaigeuza lawama upande wa pili. Historia iko kati ya kauli hizo. Shambulio lilimaliza kwa siku moja mabishano ya muda mrefu ndani ya Marekani kuhusu kukaa nje ya vita, lakini bado kura ilipigwa. Seneti ilikubali kwa kura 82 bila pingamizi, na Baraza la Wawakilishi kwa kura 388 dhidi ya moja, ya Jeannette Rankin wa Montana. Kura ile moja inatosha kunithibitishia kwamba palikuwa na jambo la kuamua. Kwa hiyo dhidi ya Japani, Marekani "iliingia" vitani baada ya kushambuliwa. Dhidi ya Ujerumani mambo yalikuwa mengine: tarehe 11 Desemba Ujerumani na Italia ndizo zilizotangulia kuitangazia Marekani vita, na hapo mwandishi akisema "iliingizwa" nitamwelewa vizuri zaidi.

Hata kitenzi tangaza kinahitaji uangalifu. Roosevelt hakuiomba Kongresi ianzishe vita. Aliiomba itangaze kwamba hali ya vita imekuwapo tangu shambulio lile. "Kutangaza vita" ni kuvifanya viwepo, ilhali "kutangaza kwamba vita vipo" ni kushuhudia kilichokwisha anzishwa na mwingine. Kiambishi -me- katika "imekuwapo" ndicho kinachobeba hoja yote ya kisheria, maana mkataba wa Hague wa mwaka 1907 ulitaka mapigano yasianze bila onyo la wazi la kutangulia, na onyo hilo halikutolewa.

Mwalimu Nyerere, alipolihutubia taifa mwanzoni mwa Novemba 1978 baada ya Kagera kuvamiwa, alitenganisha mambo matatu: sababu ya kumpiga adui, nia na uwezo. Sababu ililetwa na mvamizi. Nia ilikuwa ya waliovamiwa wenyewe, na hiyo ndiyo sehemu ambayo kauli ya kutendwa huifuta.

Jambo dogo la mwisho: "uvamizi wa Japani" au "shambulio la Japani" laweza kusomwa kama lililofanywa na Japani au lililofanywa dhidi yake, kwa hiyo ni heri mlengwa atajwe. Ningeiandika sentensi ya msomaji hivi: "Marekani iliingia vitani tarehe 8 Desemba 1941, siku moja baada ya Japani kuishambulia kwa kushtukiza kambi yake ya wanamaji ya Pearl Harbor."