Pikipiki mpya baada ya miaka 27: je, vifaa vya elektroniki vinafidia?

Swali: Nina umri wa miaka 56. Niliacha kuendesha pikipiki nikiwa na miaka 29, na ile niliyokuwa nayo ilikuwa ya cc 250, yenye breki ya ngoma nyuma na isiyo na kifaa chochote cha elektroniki. Sasa watoto wamejitegemea, na ninataka kununua pikipiki mpya ya cc 900. Muuzaji ananihakikishia kwamba ABS (mfumo unaozuia magurudumu kujifunga unapofunga breki), kidhibiti cha kuteleza na zile hali za uendeshaji zinazochaguliwa kwa kitufe zitafidia miaka yote niliyokaa bila kuendesha. Je, ni kweli? Na kama si kweli, nianzie wapi?

Jibu: Ndugu msomaji, nakushukuru kwa kuuliza kabla ya kununua, kwa sababu wengi wanaonijia kujifunza upya huwa wameshanunua. Vifaa ulivyotajiwa vina faida kubwa, na binafsi nisingekushauri uchukue pikipiki mpya isiyo na ABS. Hata hivyo, havifidii kile kilichopungua kwako. Kazi yake ni kusimamia mshiko wa tairi, ilhali kinachopotea kwa mtu aliyekaa muda mrefu bila kuendesha ni kipimo: kukadiria mwendo, kukadiria umbali, na kujua macho na mikono yake vinahitaji muda gani ili vitende. Klachi na gia utazikumbuka ndani ya saa moja, na hapo ndipo hatari inapoanzia, kwa kuwa wepesi huo humfanya mtu aamini kwamba mengine yote nayo yamerudi.

Tuanze na ABS, kwa sababu ndiyo yenye maana kubwa zaidi. Mfumo huu haukuwa mgeni kabisa ulipoacha kuendesha. BMW iliuweka kwenye K100 mwaka 1988, ila kwa miaka mingi ulibaki kuwa wa pikipiki chache za bei kubwa. Katika Umoja wa Ulaya umekuwa wa lazima kwa miundo mipya ya pikipiki zinazozidi cc 125 tangu 2016. Vihisi hupima kasi ya kila gurudumu, na pale gurudumu linapopunguza kasi ghafla kana kwamba linataka kujifunga, mfumo huachia shinikizo la breki na kulirudisha, tena na tena ndani ya sekunde moja. Kwa hiyo ukiminya breki kwa hofu mbele ya gari lililokukatiza, tairi la mbele halitajifunga na kukuangusha.

Kuna umbali, hata hivyo, ambao ABS haiugusi kabisa, nao ni ule unaosafiri kabla vidole havijafika kwenye breki. Katika mwendo wa kilomita 90 kwa saa, pikipiki inakwenda mita 25 kila sekunde. Mwendeshaji anayetambua hatari na kuminya breki ndani ya sekunde 1 ametumia mita 25, na anayechukua sekunde 1.5 ametumia mita 37.5, hata kama pikipiki zao ni za aina moja na breki zao ni sawasawa. Tofauti hiyo ya mita 12.5 hupunguzwa kwa mambo mawili tu: kuona mapema, na kuweka vidole viwili juu ya mkono wa breki kila unapokaribia makutano. Ukiongeza kwamba umbali wa kusimama wenyewe hukua kwa mraba wa mwendo, hata kutoka kilomita 60 hadi 90 kwa saa unakuwa mara 2.25, utaona kwa nini ninasisitiza kipimo kuliko vifaa.

Jambo la pili ni mazoea ya zamani. Wengi waliojifunza kwenye pikipiki za wakati wako walifundishwa kuiogopa breki ya mbele na kukanyaga ya nyuma kwanza. Mwaka 1981, timu ya Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Kusini mwa California ilitoa matokeo ya uchunguzi wa ajali zipatazo 900 za eneo la Los Angeles, na moja ya mambo iliyobaini ni kwamba waendeshaji wengi waliopata ajali walikanyaga breki ya nyuma kupita kiasi hadi tairi likaburuzika, huku wakiitumia ya mbele kidogo mno. Ukifunga breki, uzito huhamia mbele, kwa hiyo tairi la mbele ndilo lenye uwezo wa kukusimamisha, na la nyuma huwa jepesi kiasi cha kubeba sehemu ndogo tu ya kazi. Wapo pia waliojizoesha kuminya na kuachia breki mara kwa mara ili tairi lisijifunge. Kwenye pikipiki yenye ABS zoea hilo linakurefushia umbali bure. Minya kwa kuongeza nguvu taratibu, kisha shikilia hadi usimame, hata ukisikia mkono wa breki unatetemeka. Mtetemo huo ni mfumo ukifanya kazi yake, na nimeona watu wakiachia breki kwa kuushtukia.

Kidhibiti cha kuteleza hulinganisha kasi ya gurudumu la nyuma na la mbele, kisha hupunguza nguvu ya injini pale gurudumu la nyuma linapoanza kuzunguka bure. Ni msaada mzuri kwenye lami yenye maji au mchanga. Hakijui, hata hivyo, kwamba kona iliyo mbele yako ni kali kuliko ulivyodhani. ABS ya kawaida nayo imekusudiwa hasa pikipiki iliyosimama wima; zipo za kisasa zinazopima ulalo na kurekebisha nguvu ya breki ndani ya kona, na ukipata pikipiki yenye mfumo huo ni vema, ila nazo hugawa mshiko uliopo na haziwezi kuongeza ambao haupo. Ukijikuta umeingia kona kwa mwendo mkubwa, tazama mwisho wa kona, si ukingo unaouogopa, na usukume mbele mkono wa usukani wa upande unaokwenda. Kona ya kulia, sukuma mkono wa kulia. Bila shaka ulikuwa ukifanya hivyo zamani bila kujua. Sasa ninataka ulifanye kwa kukusudia, kwa sababu pikipiki nzito inahitaji kusukumwa kwa nguvu zaidi.

Hapo ndipo lilipo swali la cc 900. Pikipiki ya kadiri hiyo mara nyingi hukaribia au kuzidi kilo 200 ikiwa na mafuta, na nguvu ya injini yake inaweza kuwa mara tatu au nne ya ile yako ya zamani. Mimi nisingeanza na ukubwa wa injini. Ningeanza kwa kukuomba uiondoe kwenye stendi, uisukume kinyumenyume hatua kumi ukiwa umeikalia, kisha ushuke na kuizungusha kwa mikono mahali penye mwinamo mdogo. Iwapo nyayo zako hazikai vema chini, au unajikuta umeshikilia pumzi, chukua nyepesi zaidi. Ndani ya cc 400 hadi 650 zipo pikipiki zinazosafiri vizuri siku nzima. Katika wanafunzi wangu wa umri wako, maanguko mengi yametokea pikipiki ikiwa imesimama au ikigeuka polepole, nayo yanaumiza magoti na vifundo vya mikono kuliko mtu anavyotarajia.

Ukishainunua, ichague ile hali ya uendeshaji ya mvua na uiache hapo kwa kilomita 1,000 za mwanzo. Kwenye pikipiki nyingi hali hiyo hulainisha mwitikio wa kishikio cha mafuta na mara nyingine hupunguza nguvu, jambo linaloendana na mahitaji ya injini mpya, ambayo haitakiwi kulazimishwa kwenye mizunguko ya juu wala kukokotwa kwa gia kubwa kwenye mwendo mdogo. Badilisha mwendo mara kwa mara, fuata viwango vya kitabu cha pikipiki, na usiikose servisi ya kwanza, kwa sababu oili ya mwanzo hubeba chembe za chuma zinazotoka vipuri vinapozoeana. Tairi mpya nazo huwa na uso laini unaoteleza. Kwa kilomita 100 hivi za mwanzo usilaze pikipiki sana wala usifungue mafuta kwa ghafla. Pedi za breki hazifikii uwezo wake hadi zikae sawa na diski, kwa hiyo zifunge mara nyingi kwa nguvu ya wastani kabla ya kuzitegemea. Maana yake ni kwamba katika wiki ileile ambayo wewe ni mgeni, pikipiki yako nayo haina mshiko wala breki itakazokuwa nazo mwezi ujao. Wauzaji wachache hulisema hilo.

Kuhusu mwili wako, nitataja yale yanayogusa uendeshaji moja kwa moja. Retina ya mtu wa miaka 60 hupokea takriban theluthi moja tu ya mwanga unaopokelewa na ya kijana wa miaka 20, na macho huchelewa kuhama kutoka mbali hadi kwenye dashibodi. Pimwa macho kabla ya kuanza, usitumie kioo cheusi cha helmeti jioni, na ahirisha safari za usiku hadi mwisho kabisa wa ratiba yako. Kama shingo haigeuki vema, rekebisha vioo vya pembeni, lakini fanya pia mazoezi ya kuigeuza, kwani hakuna kioo kinachoonyesha kila kitu. Ukiwa unatumia dawa za presha, za mzio au za usingizi, muulize daktari wako wazi kama zinaleta kizunguzungu au kusinzia. Helmeti ya zamani, hata kama ilitunzwa kabatini, usiivae tena: sponji ngumu ya ndani na gundi huzeeka. Nunua mpya inayobana mashavu kidogo na isiyozunguka kichwani. Kiwango cha usalama wa helmeti kiitwacho ECE 22.06 ni kizuri kukitafuta. Koti, glavu na viatu vinavyofunika kifundo havina mjadala kwangu.

Sasa mazoezi. Tafuta eneo tupu lenye lami tambarare, na kama kuna mkufunzi wa waendeshaji wanaorejea, mlipe kwa siku moja. Anza na mwendo wa mtu anayetembea: nusu klachi, breki ya nyuma ikiguswa kidogo, macho mbali, zungusha namba nane hadi mabega yalegee. Kisha simama kutoka kilomita 30 kwa saa, mara kumi, ukiweka alama mahali uliposimama. Ongeza hadi 40, 50 na 60, wala usipande ngazi kabla ya iliyotangulia kuwa ya kuchosha kwa urahisi wake. Pumzika kila baada ya dakika 40, maana mkono wa klachi ukichoka hata mazoezi mazuri hugeuka kuwa mafunzo mabaya. Barabarani anza asubuhi, siku isiyo na mvua, kwenye njia unayoijua, saa moja tu.

Utakapoweza kusimama kutoka kilomita 60 kwa saa kwenye alama ileile mara tano mfululizo bila kushtuka, na kuiwahi hatari ya makutano kwa macho kabla ya mikono, hapo ubadilishe hali ya uendeshaji. Abiria asubiri zaidi: ongeza kwanza upepo wa tairi na ukazo wa springi za nyuma kama kitabu kinavyoelekeza, kisha urudi eneo lilelile na kurudia zoezi la breki mkiwa wawili, kwa sababu alama zenu zitakuwa zimesogea.