Maswali na majibu: Amerika isiyoitwa Amerika

*Natunga hadithi ambamo Marekani ilipewa jina jingine. Raia wake niwaiteje?*

Mimi ningechagua Wafredonia. Fredonia lilipendekezwa kweli, na daktari wa New York, Samuel Latham Mitchill, mwanzoni mwa karne ya 19. Mwaka 1839 mwandishi Washington Irving naye akataka Appalachia au Alleghania. Ila usiishie kwenye bendera, maana jina la nchi huingia mpaka dukani. Zanzibar ya wakati huo ilinunua kwa wingi kitambaa cha pamba kisichopaushwa, kilichofumwa viwanda vya Massachusetts, kikaitwa merikani. Katika hadithi yako, bibi wa Unguja anasimama mbele ya duka la Mhindi na kusema: “Nikatie fredoni doti moja.” Sentensi hiyo inamshawishi msomaji kuliko kurasa tatu za siasa.

*Jina Amerika lingeweza kupotea?*

Ndiyo, ilibaki kidogo tu. Mchora ramani Mjerumani, Martin Waldseemüller, aliliandika kwenye ramani ya 1507 kumuenzi baharia Mwitaliano Amerigo Vespucci. Kwenye ramani yake ya 1513 akaliacha, lakini wenzake walishalidaka. Pa kugeuzia historia ni hapo.

*Na Kanada?*

Yalipendekezwa majina kama Tuponia, Borealia, Hochelaga, na mengine ya kuchekesha zaidi. Bungeni mwaka 1865, Thomas D'Arcy McGee aliuliza mtu angejisikiaje kuamka asubuhi na kujikuta Mtuponia. Jina lolote unalobuni, lipitishe kwenye kipimo hicho.

*Kusini, wenyeji wakishinda Wahispania, niandike “Milki ya Inka”?*

Hapana. Inka ni mtawala na ukoo wake. Nchi waliiita Tawantinsuyu, yaani sehemu nne zilizoungana. Na huhitaji kubuni sana: mwaka 1816, huko Tucumán, katika Argentina ya leo, jenerali Manuel Belgrano alipendekeza nchi mpya itawaliwe na mfalme wa ukoo wa Inka. Haiti ndiyo ilirudi kwa wenyeji kwa vitendo: 1804 waliovunja utumwa walitupa jina la Kifaransa, Saint-Domingue, na kurudisha jina la Wataino, wenyeji wa kisiwa hicho, ambao wengi wao walikuwa wameangamizwa zamani.

*Wameksiko wanasema nao ni Waamerika. Kweli?*

Kweli kabisa. Sisi wa Kiswahili tumesalimika, kwa kuwa Marekani ni nchi na Amerika ni bara. Wenye Kihispania ilibidi waunde *estadounidense*, yaani mtu wa Marekani. Kwenye Fredonia yako ugomvi huo haupo, kwa hiyo watafutie mwingine.