Jibu: Mizani inasoma vizuri, kompyuta inaleta alama za ajabu

Mkuu wa Uyole, Mbeya, umesema mizani ya maabara inasoma sawa kwenye kioo chake, ila programu ya kompyuta iliyounganishwa nayo inaonyesha alama zisizosomeka badala ya gramu. Hapo kebo inapitisha data, usiinunue nyingine. Ingekuwa kimya kabisa ningeshuku kebo au draiva (programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kutumia kifaa). Alama za hivyo mara nyingi ni kasi ya mawasiliano kutofanana. Ingia menyu ya mizani, tazama kama kasi (baud) ni 2400, 9600 au nyingine, uweke hiyo hiyo kwenye programu. Usiishie hapo: linganisha idadi ya biti za kila herufi, 7 au 8, na pariti (biti ya ziada ya kukagua makosa). Mimi hapa Iringa pariti peke yake ilinila siku mbili, kasi ilikuwa sahihi tangu mwanzo.

Adapta ya USB, ile inayounganisha kebo ya mizani na kompyuta, ichomeke tundu lile lile kila siku. Ukiihamisha, Windows inaweza kuipa namba nyingine ya COM (namba ya mlango wa mawasiliano), na programu ikaikosa mizani.

Na kwa kuwa mizani imetoka Dar es Salaam, tafadhali ikalibrishe upya (irekebishe isome sahihi) huko huko Mbeya kwa jiwe lake la uzito unaojulikana. Huku juu mvutano wa dunia umepungua kidogo. Kwa gramu 100 unaweza kukosa makumi ya miligramu, na programu itayaandika hivyo hivyo bila kulalamika.